Julai ya Binti Yangu

Binti yetu alizaliwa mwezi wa tisa, wakati jua la Nairobi linaporudi polepole baada ya baridi, na miezi yake ya mwanzo hatukujua kwamba alikuwa na ugonjwa wowote. Tulikuwa tukiishi Kware, karibu na Pipeline, ghorofa ya tatu, katika chumba ambacho dirisha lake moja lilitazamana na dirisha la jengo la pili. Ukinyoosha mkono ungeweza kupokea chumvi kutoka kwa jirani, na mara nyingi tulipokea. Taa tuliiwasha mchana kutwa. Nguo zilizoanikwa juu yetu zilidondosha maji kwenye nguo zetu, na zetu zikadondosha kwenye za walio chini.

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Industrial Area, na kila asubuhi alikata njia kwa miguu kupitia Mukuru kwa Njenga pamoja na msafara wa wanaume waliobeba chakula chao kwenye mikebe. Sote wawili kwetu ni magharibi, upande wa ziwa. Tulikutana kanisani hapa Nairobi, tukaoana, tukapata mtoto huyo mmoja.

Ilikuwa Julai, Jumapili, tumetoka ibadani, mtoto hajatimiza mwaka. Alianza kulia. Kila nilipomgusa mkono alipiga ukelele, na nilipomvua soksi niliona nyayo zake zimevimba na kung'aa kama maandazi. Vidole vya mikono navyo vilikuwa hivyo hivyo. Jirani wa dirishani aliniambia, "Ni meno hayo, mama, mpe maji ya sukari." Lakini mume wangu alikuwa ameshavaa viatu. Alimfunga kifuani ndani ya koti lake la kazi, tukatafuta teksi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu. Alimtazama mtoto macho, akambonyeza tumbo, kisha akatuuliza kwetu ni wapi. Tulimwambia.

"Huko malaria ilitawala tangu zamani," alisema, "na ugonjwa huu hupenda kukaa pale malaria ilipokaa."

Majibu ya damu yalipotoka alituchorea kwenye karatasi. Chembe ya damu ya kawaida ni mviringo, inapita kwenye mishipa bila shida. Za mtoto wetu zilikuwa zikijipinda kama mundu, zinanasa, zinaziba njia, na mahali damu isipofika ndipo panapouma. Selimundu. Alisema kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya ugonjwa bila kujua, na mtoto alikuwa amerithi nusu zote mbili. Kisha akatupa masharti: vidonge vya kila siku, dawa ya kuzuia malaria, maji mengi, homa yoyote aletwe hospitali mara moja. "Na msimwache akapigwa na baridi. Baridi ni adui yake mkubwa."

Tulipotoka nje mume wangu alisimama kando ya lango. "Nimefikiria vitu vyote ambavyo ningempa mtoto wangu," alisema. Hakumaliza. Nilimshika mkono, tukasimama hapo hadi watu wakaanza kutuzunguka ili wapite.

Miaka iliyofuata ilikuwa na umbo moja. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano mtoto alicheza, alikula, alinenepa. Mwezi wa sita mawingu ya kijivu yakishuka juu ya mji na kukataa kuondoka, alianza kushika magoti. Julai tulilala hospitali. Agosti vilevile, mara nyingine. Septemba tunarudi nyumbani na mtoto aliyepungua, macho ya njano, miguu kama ya korongo, tunaanza kumnenepesha upya.

Daktari wa kliniki alipotuambia kwamba chumba kisichoingia jua si mahali pa mtoto huyu, tulihama. Tulipata vyumba viwili Jericho, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, mabati yalipiga kelele, lakini mlango ulifunguka kwenye uwanja na uwanja ulikuwa na jua. Siku ya kwanza binti yetu, wakati huo akiwa na miaka minne, alikaa kizingitini asubuhi nzima akiangalia kivuli chake. Kule Kware hakuwa akikiona isipokuwa cha taa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mwanamke wa Kiislamu, Msomali aliyezaliwa hapa hapa Nairobi, mwenye duka la mablanketi na vitambaa karibu na soko. Aliishi na mama yake mzazi, ajuza mrefu aliyetembea kwa fimbo na ambaye kila asubuhi alitolewa kiti nje. Yeye na binti yangu walifuatana na jua. Likisogea, wanasogeza viti. Hawakuwa na lugha moja mwanzoni, lakini hilo halikuwazuia kugombana. Binti yangu alianza kumwita ayeeyo, kama alivyosikia wajukuu wake wakimwita. Ndilo neno lao la nyanya.

Sasa nieleze jinsi nilivyofika kwenye ofisi ya hali ya hewa.

Kila mwaka mimi hufundisha kidato cha pili grafu za tabianchi. Unachora miezi kumi na miwili chini, vijiti vya mvua vinasimama, na juu yake mstari wa joto unapita. Nilikuwa nimeichora grafu ya Nairobi mara nyingi kiasi kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Siku hiyo nilifika Julai, chaki ikashuka mahali inaposhuka siku zote, na nikasimama. Nilikuwa natazama kitanda cha hospitali. Bonde lile dogo kwenye mstari, ambalo nilikuwa nikiwaambia wanafunzi walitaje kwa alama mbili, ndilo lililokuwa likimuumiza mtoto wangu kila mwaka. Niliwaza: kama grafu inajua baridi yake itakuja lini, basi grafu nyingine inajua ni wapi haiji.

Nilikwenda siku ya likizo. Nilimkuta karani, msichana wa umri wa wadogo zangu, amezungukwa na kompyuta na mafaili. Alidhani nimekuja kwa ajili ya somo.

"Shule gani, mwalimu?"

"Si ya shule. Nina mtoto mgonjwa. Nataka kujua mahali penye joto mwezi wa saba."

Alinitazama, akavuta kiti. Nilimweleza. Alikuwa na subira. Aliuliza maswali ambayo daktari hakuwahi kuuliza: ni baridi ya usiku inayomuumiza au ya mchana? Ni upepo? Ni unyevu? Sikuwa na majibu yote. Kisha akaanza kunitolea wastani wa vituo, kimoja baada ya kingine, joto la juu la kila mwezi, joto la chini, mvua, na saa za jua. Alinieleza kuwa kila tarakimu niliyokuwa nikiiona imebeba miaka thelathini ya watu waliotoka nje asubuhi na alasiri, wakafungua kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, wakasoma kipimajoto na kuandika.

"Kwa nini thelathini?" nilimuuliza, ingawa jibu la kitabuni nilikuwa nalo.

"Ili mwaka mmoja mbaya usipige kelele sana," alisema. Kisha, kana kwamba anaogopa nimefurahi kupita kiasi, aliongeza, "Lakini, mwalimu, wastani hautakwambia kuhusu siku moja. Unakwambia kuhusu mahali. Na kisanduku chetu kiko uwanjani, kwenye nyasi. Chumbani kwako hakijawahi kuingia."

Nilirudi nyumbani na karatasi zile, tukazitandaza mezani, mimi na mume wangu. Nilikuwa nimefikiri jibu litakuwa nyumbani kwetu, ziwani, ambako usiku hauumi. Lakini vijiti vya mvua huko havikomi vizuri, na mvua ni mbu, na mbu ni malaria, na malaria kwa mtoto mwenye selimundu ni jambo la kuzikana. Pwani nayo ilikuwa na joto zuri na mvua pale pale nisipoitaka. Tulishuka na kidole mpaka Garissa. Julai kule ndio mwezi wao wa ahueni, jua bila ukali, usiku wa shuka moja, na safu ya mvua ilikuwa karibu tupu kuanzia Juni hadi Septemba.

"Garissa," mume wangu alisema. "Tunamjua nani Garissa?"

Tulitazamana. Upande wa pili wa ukuta ajuza alikuwa akikohoa.

Kumbe kila mwaka, mawingu yakitanda, ajuza yule alikuwa akipanda basi kwenda kwa mwanawe wa kiume Garissa, na hakurudi mpaka baridi iishe. Tuliishi naye ukuta mmoja na nilikuwa nadhani huwa anakwenda kusalimia. Nilipomwendea binti yake dukani na kumweleza kwa aibu, hakuniacha nifike mwisho.

"Dada, unaniomba nini hapa? Mama atafurahi. Huko analalamika hana wa kugombana naye."

"Ni mtoto mgonjwa. Ana dawa. Ana masharti."

"Mama pia ana dawa na masharti. Wataulizana."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule, mwanzoni mwa Julai, tuliwasindikiza kituo cha basi asubuhi mapema. Binti yangu alikuwa ameanza shule. Mwalimu wake alituruhusu, na kule Garissa mwalimu mmoja alikubali kumpa nafasi darasani karibu na mjukuu wa ajuza. Nilimwekea vidonge, chandarua, chupa ya maji, barua ya daktari. Alinipungia mkono mara moja tu, kisha akageuka kumwonyesha ayeeyo wake jinsi kiti kinavyolala nyuma.

Julai ile nilikaa Nairobi kwenye baridi nikisubiri simu. Ilikuwa ikilia jioni, ajuza akiwa upande wa pili. "Leo ameumwa?" "Hajaumwa." "Amekunywa maji?" "Amekunywa maji ya nyumba nzima." Nilikuwa nikilia baada ya kukata simu, na mume wangu alikuwa akiuliza kama nalia kwa furaha au kwa kumkosa. Sikujua kutenganisha. Mtoto alirudi Septemba ana hina mikononi, anahesabu kwa Kisomali, na hakuwa amelala hospitali hata siku moja.

Tulifanya hivyo miaka kadhaa. Siwezi kusema ugonjwa uliondoka. Kulikuwa na maumivu ya hapa na pale, damu aliongezewa, mwaka mmoja nyonga ilimsumbua akatembea akichechemea. Lakini lile bonde la Julai tulikuwa tumelivuka. Alikua. Akawa msichana mwenye maneno mengi, anayeiga watangazaji wa hali ya hewa wa redioni mbele ya kioo, anayebeba chupa yake ya maji kila mahali na kuilaani. Watoto wa mtaani walimwita Macho ya Paka kwa sababu ya ile njano. Aliwaambia paka huona gizani. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa uwanja walimsalimia kama mkubwa mwenzao, "Niaje, mwalimu mdogo," naye akajibu, "Fiti," bila kupunguza mwendo.

Siku moja alinikuta nikisahihisha mitihani ya grafu. Akakaa kwenye mkono wa kiti.

"Mama, wastani ni nini hasa?"

Nikamweleza: unajumlisha yote, unagawanya.

Alifikiri. "Basi ni kama mimi. Siku nyingi niko sawa, siku chache niko vibaya sana. Ukinichanganya unapata mtoto wa kawaida."

"Wewe si wa kawaida," nilimwambia.

"Ndiyo hivyo," alisema, akaenda kutafuta chakula.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka alipotutoka. Ilikuwa Februari. Kwenye grafu ya Nairobi, Februari iko juu. Ndio mwezi tuliokuwa tukipumua. Anga lilikuwa jeupe kwa joto, nyasi za uwanjani zimekuwa kahawia, maji ya mfereji pale Jericho yanatoka siku yanayotaka. Binti yangu alikuwa mzima. Alikuwa amechaguliwa kusoma shairi mbele ya wazazi shuleni, na kwa wiki nzima tulikuwa tumelisikia mpaka mume wangu akaweza kulisema akinyoa ndevu.

Alirudi kutoka shuleni anakohoa. Kikohozi kidogo, kama cha vumbi. Usiku ule hakuwa na homa, nilimpima. Asubuhi alikuwa nayo, na alisema kifua kinamchoma akivuta pumzi. Hatukungoja hata uji. Jirani yetu alifunga duka, akaendesha gari lake mwenyewe, ajuza akabaki mlangoni akisoma dua kwa sauti ya chini.

Walimwekea oksijeni. Walimwongezea damu. Daktari alikuwa mwingine, kijana, na hakuondoka kitandani kwa saa nyingi. Alitueleza kuwa sasa chembe zile zilikuwa zimenasa kwenye mapafu, na kwamba maambukizi ya kifua yalikuwa yamefungua mlango. Kwa siku chache alikuwa akipanda na kushuka. Anapanda, tunapiga simu kanisani na kwa jirani. Anashuka, hatumpigii mtu.

Alasiri ya mwisho alifungua macho, akaivuta ile barakoa pembeni.

"Mama, huu ni mwezi gani?"

"Februari, mama."

Alikunja uso kama mtu aliyepewa kitabu cha mwenzake. "Lakini huu si mwezi wangu."

Nilimrudishia barakoa. Nilimwambia asichoke, asiongee. Baba yake alikuwa ameshika nyayo zake, zote mbili, kwa viganja, kama alivyozishika alipokuwa mchanga. Kabla ya magharibi binti yetu alikuwa ameondoka.

Daktari kijana alitukuta kwenye korido. Nilimwambia, sijui kwa nini nilimwambia yeye, kwamba tulikuwa tukimpeleka Garissa kila Julai. Nilitaka ajue. Alisikiliza yote, mpaka kwenye chandarua.

"Mwalimu," alisema, "wengi wa wale ninaowaona hawafiki umri wake wakiwa wanakimbia. Wa kwako alikuwa anakimbia. Ugonjwa huu hauna mwezi mmoja. Mliuziba pale mlipouona."

Niliyasikia maneno yale, na yalikuwa ya huruma, na hayakunifikia. Nilichokuwa nikikifikiria ni mstari wa joto unaopanda Februari, mstari ambao niliuamini.

Tulimzika nyumbani magharibi. Masika yalikuwa yamewahi, udongo ulikuwa mzito, vijana waliochimba walikuwa wakiteka maji kaburini kwa ndoo. Mama mkwe wangu alitaka tungoje siku kavu, mume wangu akasema, "Hapana, mama, hatungoji tena hali ya hewa." Ajuza alisafiri na binti yake kutoka Nairobi, mwendo ambao umri wake haukuruhusu. Alikaa chini ya turubai kati ya wanawake wa kwetu waliokuwa wakiimba nyimbo asizozijua. Nilipofika mbele yake hakusema pole. Alinishika uso kwa mikono miwili, akausogeza kwake, tukabaki paji kwa paji.

Kurudi darasani ndiko kulikonishinda. Mwezi wa sita ratiba ilifika kwenye grafu za tabianchi. Nilichora miezi chini. Nikachora vijiti. Nilipoanza mstari, mkono ulifika Februari ukakataa. Wanafunzi walingoja. Msichana mmoja wa mbele, ambaye nadhani alijua, maana shule hujua kila kitu, aliinuka, akasema, "Mwalimu, niendelee?" Nikampa chaki. Alimaliza mstari mpaka Desemba, ukiwa umepinda kidogo, akarudi kukaa, na mimi nikasema, "Vizuri," nikatoka nje kupunga hewa.

Wiki hiyo hiyo mume wangu alirudi kutoka kazini na soksi za sufu. Kila mwaka, baridi ikibisha, alimnunulia binti yetu pale barabarani wanapomwaga mitumba. Alifika mlangoni nazo mkononi, ndipo akazitazama. "Miguu ilinipeleka," alisema. Alikaa nazo kitandani, akiziviringisha na kuzifungua, mpaka nikaziweka kando na kumpa chai. Kwa muda mrefu hatukuweza kuhuzunika wakati mmoja. Mmoja akianguka, mwingine alisimama. Nadhani hilo lilituokoa, ingawa lilitufanya wapweke.

Kliniki nilirudi kwa sababu ya dawa zilizobaki. Sikutaka zioze kabatini. Muuguzi alizipokea, kisha akaniambia kuna mama mmoja kwenye benchi, mtoto wake analazwa kila Julai, kama ningeweza kuongea naye. Sikutaka. Nilikuwa nimeshika mlango. Lakini mama yule, kijana, mfanyakazi wa kiwandani anayeishi Mukuru kwa Njenga, alikuwa amemweka mwanawe mapajani na kumfunika kwa leso mbili, na nyayo za mtoto zilikuwa nje, zimevimba.

Nilikaa. Nilimweleza habari za vituo na wastani, jinsi ya kuangalia joto la chini kabla ya la juu, jinsi ya kutazama mvua kwa sababu ya mbu. Alikuwa na dada yake Makindu. Tulizungumza kama Makindu pangefaa. Halafu akaniuliza lile nililoliogopa.

"Na wako, mwalimu? Anaendeleaje?"

Ningeweza kudanganya. Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Nilimwambia kwamba miezi ya baridi ilikuwa imempita salama, miaka mingi, na kwamba alifariki mwezi wa joto, kwa kifua. Nilimwambia asiziangalie karatasi zile kama ahadi. Baridi akiikimbia, bado ashike kipimajoto cha homa mkononi Januari, Februari, mwezi wowote, na asingoje hata uji. Alilia, nami nikalia, muuguzi akatuletea chai. Kisha mama yule akaniomba nimwandikie jinsi ya kufika kwenye ile ofisi. Nimeendelea kwenda kliniki tangu siku hiyo, Jumamosi ninapoweza. Mara nyingine sisemi chochote kuhusu hali ya hewa. Nabeba mtoto wa mtu, mama anakwenda msalani.

Agosti, shule zilipofungwa, ajuza alipiga simu kutoka Garissa. Kiswahili chake cha simu kilikuwa kifupi. "Njoo," alisema. "Hujawahi kuja."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimpeleka mtoto mahali nilipopajua kwa tarakimu tu. Mume wangu hakupata ruhusa, nikaenda peke yangu.

Nyumba ilikuwa na ua mpana wa mchanga, mbuzi wachache, na mti mmoja wa mwarobaini. Joto lilinipokea nilipotelemka kwenye basi, na lilikuwa kama lile nililosoma, si kali, joto la kuegemea. Walinionyesha kitanda cha binti yangu, cha kamba, kilikuwa uani kwa sababu alikuwa akikataa kulala ndani. Walinionyesha mbuzi aliyezoea kumfuata. Mjukuu wa ajuza, msichana wa rika lake, alinionyesha mahali ambapo walikuwa wakikimbia mashindano, kutoka lango hadi tangi la maji, na akaniambia kwa heshima kwamba binti yangu alikuwa akimshinda.

Jioni, wakati wa chai ya maziwa, wanawake wa nyumba ile walikuwa wakiongea juu yake, na kila mara nilisikia neno moja likirudi. Nilimuuliza ajuza ni nini.

"Ndiyo jina lake," alisema.

Nikamwambia jina lake lilikuwa lingine.

"Hilo ni lenu. Hili letu." Akaniambia kwamba ni jina wanalompa mtoto anayekuja na mvua. Mwaka ule wa kwanza, usiku aliofika, katika Julai, mwezi ambao hapana mtu hapo aliyewahi kuona mvua ya maana, mawingu yalikusanyika, ikanyesha mpaka alfajiri. Ndoo zilijaa. Watu walitoka nje na nguo zao za kulalia. Mtoto wangu alisimama katikati ya ua akiwa amelowa, na wao wakimkimbiza kumrudisha ndani asipate baridi, wakimvuta, naye akicheka akiwaambia kwamba mama yake alisema hapa hainyeshi.

"Hatukukwambia kwenye simu," ajuza alisema. "Ungekuja kumchukua."

Ningekuja. Ningepanda basi la asubuhi.

Wale wanawake walianza kucheka wakikumbuka jinsi alivyowatoroka kuzunguka mwarobaini, na mmoja wao aliinuka kuniigizia mbio zake, vile viwiko vilivyotoka nje, ile shingo ndefu. Alikuwa yeye kabisa. Nililia, na nilikuwa nikicheka pia, na mjukuu wa ajuza alikuja akakaa karibu nami, akanimiminia chai nyingine bila kuuliza.